Picha ya Usukani wa Babu

Wragby Road,
Louth, Lincolnshire.
12 Mei 2019

Mpendwa Shangazi Philippa,

Habari za huko Halifax? Natumaini goti lako limepata nafuu na theluji imeacha kukufungia ndani. Sisi hatujambo. Mama ameshapona mafua, nami najisomea kwa ajili ya mitihani, ingawa siku hizi ukurasa mmoja nausoma mara mbili na hauniingii.

Asante kwa barua yako. Uliandika kwamba ile picha yangu nikiwa garini, nimeshika usukani wa Babu mbele ya kituo cha ukaguzi, umeiweka pembeni mwa picha yake na ukalia. Tangu nisome hayo sina raha. Gari limepita ukaguzi, Shangazi, hilo ni kweli. Lakini halikupita na usukani wa Babu.

Tulijaribu. Ulitaka gari ambalo Babu aliliacha kwenye masanduku, vipande visivyounganishwa, liingie barabarani na usukani wake wa enzi za mashindano ya magari, na Baba alikuahidi. Mimi nilikuwa nimesoma masharti yote ya ukaguzi, nikajua kwamba kitu chochote kinachoweza kumgonga dereva hakiruhusiwi kuwa na ncha. Nilisema mara moja tu, kwa sauti ndogo. Kila jioni nilimwona Baba akiung'arisha ule usukani wa mbao.

Mkaguzi, mama mpole aitwaye Bi Ormerod, alipitisha kidole juu ya zile nati tatu zilizotokeza katikati.

“Hizi zimewekwa hapa zimchome nani?”

“Ni za baba yangu,” Baba akasema.

“Sikuuliza za nani, bwana.”

Tukafeli, kwa sababu ya usukani peke yake.

Wenzake Baba wanaojiundia magari wana usukani mmoja wa kuazimana, mnene, uliofunikwa sponji katikati. Anayekwenda kukaguliwa huufunga, na akishapita huandika jina la gari lake nyuma ya usukani huo, kisha humpa anayefuata. Bwana Len ndiye aliyetuletea. “Wa mzee wako tundika ukutani, Gordon,” alimwambia Baba. “Huu una sura mbaya kama yangu, lakini haujafeli hata siku moja.”

Safari ya pili Bi Ormerod alitupa cheti. Tulipotoka getini Baba alichomoa usukani wa Babu nyuma ya kiti, akaufunga palepale, akaniambia nikae.

“Tabasamu, shangazi yako anasubiri.”

“Lakini Baba, si kweli.”

“Ni picha tu, Hester. Huapi mahakamani.”

Nikatabasamu. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakunilazimisha.

Jana nilimsomea barua yako. Akaniuliza kama nilipata kumwona Babu akiogelea. Nikakumbuka yale makovu matatu madogo kifuani, yaliyokaa pembetatu. Mimi Babu aliniambia kwamba alidonolewa na bata bukini, nami nikaamini.

“Yule mama alipogusa zile nati, nilielewa,” Baba akasema. “Lakini nilikuwa nimemwahidi dada yangu. Nikaona aibu kumwandikia.” Halafu akaenda gereji, akaufungua usukani wa Babu. Gari sasa lina usukani mpya wenye sponji, na ule wa kuazima umerudi kwa Bwana Len.

Wa Babu uko hapa mezani ninapoandika. Nimeuegemeza kifuani mara moja. Nati zinafika palepale penye yale makovu.

Baba anajua kwamba nakuandikia. Ukiiondoa picha pembeni mwa Babu, sitalalamika. Ukiiacha, naomba tu ujue kwamba msichana anayecheka pale alikuwa anajua.

Nisalimie Mjomba Alasdair na binamu yangu Isla. Mama anakusalimu sana, na Baba pia, ingawa ameomba nisitie maneno yoyote kwa niaba yake, atakuandikia mwenyewe. Mungu akulinde, na goti lipone kabisa, ili Agosti ukija ukae kiti cha mbele.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata leo ninapokuonea haya,

Hester