Jino la Mbele Wiki ya Harusi

Mjukuu wangu Zuhura,

Sisi huku Kinoo tu wazima, alhamdulillahi, na babako amepona, amerudi kazini. Umeniuliza kukariri majina ya sehemu za jino kutakusaidia nini huko chuoni.

Wiki ya harusi yangu jino la mbele liliniuma, nikajua litang'olewa tu. Daktari pale mjini akanishikisha kioo.

"Hili gamba gumu la nje ni enameli. Chini yake kuna dentini, na ndani kabisa kiini chenye mishipa ya fahamu. Tundu lako limeishia kwenye dentini, binti. Nitaliziba."

Nilishusha pumzi. Kwa majina yale matatu nilijua tundu limefika wapi; hofu yangu ilikuwa imepata mpaka.

Siku ya harusi nilicheka mpaka mama akaninong'oneza, "Bi harusi hachekagi hivyo!"

Nyanya yako,
Mwanaisha