Makunyanzi Yako Hayafutwi

Shangazi Tusajigwe,

Walitaka kukuweka kwenye jiwe la kaburi ukiwa na uso wa mtu mwingine. Picha ilitoka kwenye simu: wamekupausha, wamekupiga pasi makunyanzi yote, macho yanang'aa kama ya msichana wa tangazo la sabuni. Wewe, uliyewapiga picha watu wa Bulyaga miaka yote ile bila kumbadilishia mtu rangi.

Nilikataa mbele ya ukoo mzima. Baba Mdogo, huyo mdogo wako, akaniuliza, "Kwa hiyo hata kaburini asipendeze?" Nikamjibu kwamba uongo haupendezi, unang'aa tu. Unanijua. Wakanipa hadi Jumapili nilete picha nyingine, la sivyo fundi wa marumaru achore hiyo ya simu.

Nilikuwa na moja tu, tena haijasafishwa: ile niliyokupiga mlangoni kule Kisondela ukichagua parachichi. Filamu ilikuwa bado ndani ya kamera yako. Nikiiharibu, basi.

Nikajifungia kwenye chumba chako cha giza. Dawa nikaizimua sana, nikalitikisa tangi lenye filamu mwanzoni, nikaliweka chini. Hapo ndipo penye kazi, maana mikono yangu haijui kutulia. Ungekuwepo ungesema, "Mwanangu, unasafisha filamu au unasuka mtindi? Iache." Nikaikalia mikono. Ulinifundisha kwamba dawa ikitulia, penye mwanga mwingi inachoka na penye kivuli inaendelea kufanya kazi. Mwanga na kivuli vinapokutana, mstari wa mpakani unakolea. Katikati nikalipindua tangi mara moja, taratibu, nikaliacha tena.

Shangazi, nilipoinua negativu kwenye taa nililia. Kila kunyanzi lilikuwepo. Kovu la kidevuni. Hata uzi uliolegea kwenye kitenge.

Jumapili dada yako mkubwa aliishika picha niliyoichapa, akaisogeza karibu na macho yake mabovu. "Huyu ndiye," akasema. "Yule wa kwenye simu nilidhani ni mgeni wa msiba." Hakuna aliyebisha. Fundi ameshaichukua.

Nakuahidi: studio yako naifungua, na atakayeketi mbele ya kamera yako atatoka na uso wake mwenyewe. Wa kwanza ni Baba Mdogo. Ameninong'oneza nimpunguzie umri kidogo. Hatapunguziwa.

Pumzika, Shangazi. Ndaga fijo, asante sana.

Mtoto wa kaka yako,
Lugano