Namba Anayoijua Hardy

Bwera, Jumamosi, siku ya pili baada ya soko

Kwako Yaya Benedicte, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana na kwa hamu yote ya mdogo wako. U hali gani? Goti linasemaje na baridi hiyo ya Butembo? Mama ameacha kukohoa? Sisi huku Uganda tu wazima, ila vumbi la malori linatumaliza polepole na mvua imetugomea. Kibanda changu kipo palepale mbele ya stoo ya kahawa. Mwavuli umepauka hadi wateja wanadhani nimehamia kampuni nyingine. Nauza laini, nasajili, natuma na kutoa pesa za watu, na mdomo wangu bado unajua kufukuza walevi. Usinihurumie.

Najua unashangaa kwa nini mimi ninayekula kwa simu nimekuandikia karatasi. Kuna maneno sikutaka yapite hewani, Yaya. Tena simu yako unaichajia dukani kwa Xavier, na sitaki haya ayasome kabla yako. Barua anakuletea Rahmah, yule mama anayevusha samaki wa Kasenyi, mtu asiyefungua cha mwenzake hata akifa njaa. Tafuta mahali ukae kwanza.

Uliniuliza jambo moja. Siku padri aliposoma tangazo la kwanza la ndoa yako na Xavier, ulipiga namba ya Ephraïm. Ulikuwa hujaipiga zaidi ya mwaka, na uliipiga tu ili umuage marehemu mumeo. Ikasema haipatikani, kama kawaida yake. Ijumaa ukapata ujumbe wa mtandao kwamba namba uliyopiga sasa inapatikana. Ukapiga mbiombio, ikawa imezimwa tena. Ijumaa iliyofuata, vivyo hivyo. Ndipo ukaniuliza mimi, mtu wa laini, kama namba ya mtu aliyekufa inaweza kupewa mwingine. Kama imepewa mwingine, ulisema, utasimama na Xavier altareni kwa moyo mmoja. Na kama sivyo, hujui wewe ni mjane au ni nani. Tangazo la mwisho ni Jumapili ya juma lijalo, kwa hiyo sina nafasi ya kuzungukazunguka.

Jibu la kwanza nililipata Kasese. Wakubwa wa mawasiliano walituita mawakala ukumbini, wakatupa soda na somo. Afisa mmoja wa suti alitueleza kwamba usajili wa laini huleta maendeleo, na kwamba ole wake atakayemuuzia laini mtu asiye na kitambulisho cha taifa wala kadi ya mkimbizi. Akasema Congo sasa imo katika Jumuiya, na ipo siku kupiga simu ng'ambo ya daraja kutagharimu sawa na kupiga Kasese. Hapo ukumbi mzima ulicheka, maana siku hiyo tunaisikia redioni kila mwaka. Halafu akasema namba ni mali ya taifa kama ardhi. Laini isiyotumika hurudishwa ikauzwa kwa mwingine, na hata Congo ni hivyohivyo, ila kila nchi ina muda wake. Mama mmoja nyuma akauliza kama na waume wasiotumika nao wanarudishwa. Nilicheka mpaka soda ikanipanda puani. Kisha nikakukumbuka, na sikucheka tena mkutano wote.

Basi jibu lilikuwa mkononi: sheria inaruhusu, namba imepata mwenye mpya, olewa kwa amani. Lakini Ijumaa hizo mbili zilinikera kama mwiba wa samaki. Mtu akinunua laini huiacha wazi mchana kutwa, anataka apigiwe hata na wanaomdai. Nani anunue laini aiwashe Ijumaa tu, tena kidogo, kisha aizime? Na Ijumaa ndiyo soko la hapa mpakani. Wewe hujui, lakini nyuma ya machinjio, ukingoni mwa mto Lhubiriha, mtandao wa Congo huvuka maji bila kuomba ruhusa ya mtu. Wenzetu wenye laini za kwetu Congo huenda kusimama pale wapate kuongea na nyumbani. Kwa hiyo jana nilifunga kibanda, nikavaa sketi yangu ya kile kitenge cha harusi yako na Ephraïm, kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi, nikaenda kukaa juu ya jiwe.

Saa ambayo malori ya chumvi ya Katwe yanashusha, akaja mwanamume mmoja. Miguu yake ilikuwa imepasukapasuka mpaka magotini, kama ya wote wanaoshinda ndani ya lile ziwa la chumvi. Hakumsalimu mtu. Alitoa simu ndogo, kisha akatoa kifuko cha kitambaa shingoni, na ndani ya kifuko laini. Yaya, kifuko kile ni cha kitenge cha harusi yako. Uliwashonea waimbaji wote wa bwana harusi, waweke rozari zao. Alipoinua macho hakuniangalia usoni. Aliitazama sketi yangu, akaitazama tena, akakaa chini kwenye matope.

Nakuambia wazi, maana kuzungusha ni kukutesa. Ephraïm yuko hai.

Sikupiga kelele. Nilishika jiwe kwa mikono miwili. Huyu ndiye tuliyemzikia mgomba kwa kukosa maiti, na mimi mwenyewe nikautupia udongo. Sauti ni yake, ile nzito ya kwaya, ila inatoka kwa shida kama ya mtu aliyesahau kusema. Katwe wanamwita Kathembo. Hana kitambulisho, hana kadi ya mkimbizi, hajajiandikisha popote. Hata mimi nisingeweza kumuuzia laini. Mbele ya sheria yeye si mtu, na anaonekana ameridhika hivyo.

Nilimtukana sana, Yaya. Nilimuuliza ni mume gani anayemwacha mkewe avae nyeusi bure. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, ndipo akanieleza. Siku ile wauaji walipoingia kwenye mashamba ya kakao, upande wa Beni, yeye na mdogo wake Hardy walikimbia kila mmoja njia yake. Alijificha shimoni, na wale watu wakawa wanapita karibu hata akawasikia wakipumua. Ndipo simu ikaanza kutetemeka kifuani. Alikuwa Hardy. Ikanyamaza, ikatetemeka tena. Aliniambia hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: “Mutoto ya mama yangu iko ananiita, Emérance, na mi nikazima.”

Alivuka mpaka kupitia msituni, akateremka hadi Katwe kujificha. Anasema hata leo, laini ikiwa shingoni na simu haina betri, bado inatetemeka. Aliuchukua mkono wangu akauweka kifuani pake nisikie. Sikusikia kitu isipokuwa moyo wake, lakini tangu jana nahisi kitu kinatetemeka kiganjani mwangu, na nimeuosha mkono huu mara nyingi.

Mwanzo alikuwa akija mtoni mara mojamoja. Tangu asikie redioni kwamba laini zinazolala zinanyang'anywa, anakuja kila Ijumaa kuiamsha, kwa woga isije ikapewa mwingine. Hasomi ujumbe, hampigii mtu. Nilipomuuliza ya nini basi, alinishangaa kama mimi ndiye mjinga. “Hardy iko anajua namba hii tu,” akasema. “Kama iko muzima, atanitafuta wapi?”

Nikamweleza habari zako na Xavier. Akauliza kama ni yule Xavier wa kahawa, nikasema ndiye. Akasema ni mutu muzuri. Kisha akaniomba nikuambie kwamba laini ilipewa mtu mwingine, kwa kuwa sheria inaruhusu na hakuna atakayebisha. Niliahidi. Jana hiyohiyo niliandika uongo huo kwa mwandiko mzuri kuliko huu, na asubuhi nikauchana.

Sasa nikufungulie linalonichoma zaidi. Kabla ya kuondoka aliniuliza kama Hardy amewahi kupiga simu nyumbani. Wewe na mimi tunajua Hardy alikopatikana. Wewe ndiye uliyemkunjua vidole ili tumtoe simu mkononi, na wote tukajiuliza alikuwa akimpigia nani. Kaburi lake liko kando ya ule mgomba. Nami nilimtazama shemeji yangu usoni nikamjibu kwamba labda, mitandao ya kule ni mibovu. Akafurahi, Yaya. Alifurahi kweli. Niliogopa kwamba nikimwambia, hatakuwa na sababu ya kuiwasha tena, ataitupa mtoni, na tutamzika mara ya pili.

Ijumaa ijayo atakuwa palepale, malori yakishusha. Anadhani wewe umeshaambiwa uongo wake, na mimi nimeshampa uongo wangu. Sikulazimishi. Ukiamua kunyamaza, nitaibeba siri hii nawe mpaka kufa. Lakini ukipiga, itaita, na kabla hajatazama ni nani, atadhani ni Hardy. Kwa hiyo ukisikia analia, ngoja amalize, ndipo umtajie jina lako. Habari ya kaburi umwambie wewe. Mimi nimeshindwa.

Mpe Mama salamu zangu, na umbebe polepole kwa habari hizi. Wasalimie majirani wote, na yule jogoo wako mkorofi kama hajaliwa. Nilitaka kuandika unisalimie na Xavier, mkono ukakataa. Hajamkosea mtu yeyote, na sijui nimtumie salamu gani.

Mdogo wako anayekupenda na kuogopa pamoja nawe,

Emérance