Salamu kwa Askofu

Swima, 14 Juni 1959

Mwanangu Adolphine, mama yangu,

Nakusalimu wewe, bwana wako na mtoto, nikitumaini kwamba huko Kazimia mko na afya na samaki wanapatikana. Mimi bado napumua, lakini miguu imenikataa, na juzi mupere, padri wetu, alikuja kunipaka mafuta matakatifu. Kwa hiyo nisikilize.

Unakumbuka shule ya masista pale Baraka ilivyoanza: wasichana wachache, kila mmoja na jembe na mkeka wake. Wazazi hawakutaka kuwatoa. Mimi, mwalimu, nilizunguka vijijini nikiwaomba, na watu walinicheka wakisema mwalimu anaposa bila mbuzi. Niliwaahidi kwamba binti zao watasoma sawasawa na wavulana, hata Kifaransa. Nikakutanguliza wewe.

Lakini mlifundishwa kushona na kulima muhogo. Wazazi wakanijia juu: sindano hata nyumbani iko! Nikapeleka maneno yao kwa Mama Placide, mkubwa wa masista. Alinijibu kwamba wakubwa wake hawaruhusu Kifaransa kwa wasichana, ila niwafundishe kwa siri mkiwa mnamenya muhogo, naye atanilinda.

Ndipo askofu akaja. Ulipompa maua ulimwambia wazi, kwa Kifaransa, kwamba mnafurahi kumwona: « Bonjour, Monseigneur. Nous sommes contentes de vous voir. » Akauliza nani amekufundisha, ukanionyesha kwa furaha. Kesho yake nikafukuzwa kazi. Tangu hapo watu wanakuita kinywa kilichomnyima baba mkate, hata shangazi yako Immaculée, nawe hujatamka tena neno la Kifaransa.

Mama, si wewe. Askofu hakukasirika. Alicheka, akasifu matamshi yako. Kisha alituita sakristia, mimi na Mama Placide, akataka tu kujua ni kwa ruhusa ya nani. Nilimtazama Mama Placide, nikingoja neno moja. Akasema hajui lolote, kwamba ni kiburi changu mwenyewe.

Baadaye alinifuata akilia. Aliniomba ninyamaze, maana yeye akihamishwa shule itafungwa, na aliniapia kwamba mwaka unaofuata darasa la Kifaransa litafunguliwa. Kwa ajili ya darasa hilo nilinyamaza, nikakuacha ubebe lawama. Mwaka ulipofika, wakaleta vyerehani.

Jumapili iliyopita Mama Placide alikuja kunitazama. Aliniletea machungwa, akaniombea vizuri, akaenda zake. Jambo lile hakuligusa. Nimekaa miaka yote hii nikimngoja, na hata kitandani hapa nilimngoja.

Atakuja kunizika, masista huwa wanakuja. Atakapokupa mkono, usiinamishe kichwa. Msalimu kwa Kifaransa, kwa sauti, shangazi yako akisikia. Salamu ile nilikufundisha mimi, na siku ile hukukosea hata neno moja.

Mpe bwana wako heshima zangu, na mtoto mshike shavu kwa niaba yangu. Mungu awatunze.

Ni mimi baba yako,
Norbert, mwalimu