Mbuzi Aliyempeleka Kiplangat Jela

Kabazi, Jumapili

Kwa dada yangu mpendwa Chepkurui,

Pokea salamu nyingi za huku nyumbani. Natumaini wewe na watoto hamjambo huko Mombasa, na lile joto mmelizoea. Sisi tu wazima wa mwili, ila roho hazijatulia. Nakuandikia barua kwa sababu simu tunatumia moja na Mama, naye husikiliza kila neno.

Kaka yetu Kiplangat amefungwa miezi minne. Unakumbuka korti ya Nakuru ilikataza mtu yeyote kuuza shamba la marehemu Baba mpaka kesi yetu na watoto wa mama mdogo, mke wake wa pili, iishe. Basi yeye aliuza. Mnunuzi ni Masinde, mwenye hoteli kule Salgaa, na alimwuzia upande ule ule anaokaa mama mdogo.

Ukaidi wa kaka unaujua. Aliwaita wazee, akachinja mbuzi, wakala pamoja na Masinde, na kwake yeye mambo yakawa yamekwisha. Jaji alipomwuliza kama aliuza, alijibu kwa fahari kwamba ndiyo, wazee walibariki na mbuzi akaliwa mpaka kichwa. Wakili wake alijifunika uso. Jaji akasema mbuzi hafuti amri ya korti, akabatilisha mauzo, na kaka akapelekwa jela kwa kuidharau korti. Masinde anabomoa nyumba aliyoanza kujenga, na salamu zetu haitikii.

Dada, sasa nikwambie lililo moyoni. Aliyempelekea habari wakili wa mama mdogo ni mimi. Nilimsihi kaka asiuze, akaniambia msichana hana neno katika shamba. Kisha nikamkuta mama mdogo akipakia sufuria zake kwenye gunia, nikashindwa kuvumilia. Nilidhani korti itasimamisha mauzo tu. Sijuti kwamba mama mdogo amebaki kwake, lakini nikimwona mke wa kaka akilima peke yake, najichukia.

Mama hajui. Tukikaa kusali humwomba Mungu amlaani aliyemsaliti mwanawe, yeye na uzao wake. Jana sauti ilimkauka, akanishika mkono, akaniagiza niombe badala yake, kwa maneno yale yale. Bado hujaambiwa, dada, lakini nina mimba. Niliomba yote mpaka amina, na mtoto alikuwa akicheza tumboni.

Wasalimie shemeji na watoto. Utuombee sote, na huyu anayekuja umtaje kwanza.

Mdogo wako akupendaye,
Chesang