Nilimfundisha Mpwa Wangu Mume Wangu

Mpendwa Maman Imani, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba jina langu lisitajwe popote gazetini, maana nusu ya wanaosuka nywele kwenye saluni za pale Galerie wananijua, na ukishamaliza kusoma utaelewa kwa nini naficha uso.

Mimi ni Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, nina miaka arobaini na mitatu, huu ni mwaka wa kumi na nane nipo Bruxelles, nasafisha ofisi kwenye maghorofa ya karibu na stesheni ya Gare du Nord. Mume wangu ni Radjabu, tulioana nyumbani kwa nikahi na kwa serikali pale komini, tukaja hapa wakimbizi, tuna watoto wawili, mkubwa ni Shafii mwenye miaka kumi na sita, na usidhani ndoa yetu ilikuwa mbovu, ilikuwa ndoa ya kawaida ya watu waliochoka lakini wanakula pamoja.

Dada yangu Fatuma alifia kambini Tanzania akaacha binti mmoja, Tasnim, na mimi niliapa kwenye simu, dada akiwa bado anapumua, kwamba binti huyo ni wangu. Nikaulizia namna ya kumleta, nikajibiwa kwamba kwa sheria za hapa mke analetwa, mtoto wa kumzaa analetwa, mpwa haletwi. Mpwa haletwi, Maman Imani! Nimemwogesha yule mtoto kwa mikono yangu halafu naambiwa si familia. Bon, hapo ndipo wazo likanijia, na wazo lilikuwa langu, naliandika hivyo ili usije ukamtukana mtu mwingine: tuachane mahakamani kwa makubaliano, Radjabu amwoe Tasnim kwenye karatasi, amlete, miaka mitano ikipita wapeane talaka ya karatasi na sisi turudiane kwenye karatasi. Radjabu alikataa mara mbili. Nikalia, nikamnunia wiki nzima, nikamwambia kama ungekuwa unanipenda ungeipenda na damu yangu, mpaka akakubali.

Sasa ni miaka minne tangu tutie saini. Mimi na watoto tukahamishia makaratasi yetu kwenye vyumba viwili hapa Schaerbeek, apatimenti yetu ya Molenbeek ikabaki kwa jina lake ili aonyeshe ana pa kumweka mke, donc nilitoka kwenye nyumba yangu kwa miguu yangu huku nikiimba. Lakini kwa Mungu hatukuachana, hakunitamkia talaka, sikukaa eda, alikuwa analala kwangu kama siku zote. Akaenda Kigoma, akafunga na Tasnim ndoa ya serikali, bila nikahi, kwa sababu hata mtoto wa madrasa anajua mwanamume hawezi kuwa na mwanamke na binti wa dada yake kwa pamoja, ni haramu, na sisi wote watatu tulijua ni mchezo wa makaratasi tu.

Kabla ya kumpa viza wangemhoji, wanauliza mambo ya ndani ili wajue kama ni ndoa ya kweli, basi nikanunua daftari nikaandika kila kitu, Radjabu analala upande gani, chai anatia sukari vijiko vingapi, kovu la goti alilipataje, akikasirika anafanya nini, akifurahi anafanya nini, kisha kila jioni nampigia Tasnim simu namsomea naye anarudia, na akikosea nilikuwa namgombeza, yaani nilimfundisha mume wangu kama watu wanavyofundishana sura za Kurani mpaka akamhifadhi.

Tasnim akafika, ni miaka miwili sasa. Polisi wa mtaa wakaanza kupita Molenbeek asubuhi kuangalia kama kweli wanaishi pamoja, nami ndiye niliyemwambia Radjabu lala huko, wasije wakakukosa. Siku mbili kwa wiki zikawa nne, nne zikawa anakuja kwangu kubadilisha nguo. Wakati huo nilikuwa na mimba yake. Mtoto alitoka mimba ikiwa ya miezi saba, akiwa ameshakufa, mtoto wa kiume, nikamwita Jamal, na hospitalini walipouliza baba ni nani nikasema hayupo, kwa sababu ya makaratasi, wakati baba yake amekaa kwenye kiti nje ya mlango ameshika koti langu. Wanaojua hilo hawafiki watano.

Leo Tasnim ana mtoto wa wiki sita. Wa Radjabu. Mtoto wa dada ni mwanangu, kwa hiyo mtoto wake ni mjukuu wangu, na ni mtoto wa mume wangu, sasa mimi niitwe nani? Juzi alinisubiri Gare du Nord natoka kazini, amesimama na kigari cha mtoto, akasema, "Mama mdogo, nisamehe," nikampita, akanifuata akilia, akasema, "Wewe ndiye uliniambia nimjue." Nikapanda treni, sikuangalia hata inakwenda wapi, nikashukia Malines, mji mwingine kabisa.

Sasa jambo lenyewe. Radjabu anataka nikahi na Tasnim ili mtoto asiitwe mwana wa haramu. Wazee wa msikiti anaosali siku hizi, ambao hawatujui ila kwa maneno yake, wamemwambia kwanza mama mdogo wa msichana, aliyekuwa mke wake, aje aseme kwa mdomo wake waliachana lini. Ni Jumapili wiki ijayo baada ya adhuhuri. Radjabu amekuja kwangu na karatasi ya mahakama, anataka niseme tangu siku ile hatukuwa mtu na mkewe. "Neno moja tu, mama Shafii." Nikamwambia, nikisema hivyo, Jamal anakuwa nini? Akanijibu, Maman Imani, akanijibu bila hata kukaa chini: "Jamal ameshakufa, hakuna atakayemuuliza. Huyu yuko hai." Na nikikataa atalipeleka lile daftari, ambalo siku hizi liko kwake Molenbeek, kunakohusika, lina mwandiko wangu, waone nani alipanga yote.

Nikisema ndiyo, mtoto wangu aliye kaburini nimemfanya wa haramu kwa ulimi wangu, na mimi ni mzinifu wa miaka minne. Nikisema hapana, mjukuu wa dada yangu ndiye anayebeba hilo jina la haramu. Shafii hamsemeshi baba yake. Silali. Kuna saa natamani kwenda polisi niwachome wote pamoja na mimi mwenyewe. Nifanye nini?

Ni mimi, Mama Asiyejua Aitweje, Schaerbeek.

MAMAN IMANI ANAJIBU

Maman wa Schaerbeek,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza hasira yangu yote ilikuwa kwako. Mara ya pili ikahama, na nitakuambia ilihamia wapi, lakini kwanza uchukue fungu lako.

Eeh, maman! Mtu mzima, miaka kumi na nane Ulaya, ulidhani mahakama ni mahali pa kuazima talaka na kuirudisha? Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka ishirini na miwili katika mji huu, nimewaona wengi wa mchezo huo, na wote walinikalia mbele ya meza na neno moja, "ilikuwa karatasi tu". Hakuna karatasi tu. Mbele ya sheria wewe uliachika siku ulipotia saini, na yule binti akawa mke siku alipotia yake Kigoma. Ulijifukuza nyumbani kwako ukiimba, umeandika mwenyewe. Pole sana kwa Jamal. Hilo nakupa bila neno lingine, kwa sababu pale kitandani, ukimkana baba wa mtoto wako huku amekaa mlangoni, ulishalipa zaidi ya ulichokosa.

Alors, tufanye kazi.

Polisi huendi. Si kwa kumwonea huruma Radjabu. Ndoa ya kudanganya hapa ni kosa la jinai, na wewe umo ndani mpaka shingoni. Unakwenda kwa wakili, wiki hii, kabla ya hiyo Jumapili. Kama mshahara wako ni mdogo, ofisi ya msaada wa kisheria inakupa wakili bila malipo. Huyo wakili unamweleza yote, na daftari, na hospitali, kwa sababu yeye amefungwa na siri ya kazi yake. Mwulize ubaya unaoweza kukupata ni upi. Mwulize pia makubaliano mliyoandikiana juu ya watoto yanaweza kufunguliwa vipi upya, maana naona ulitia saini kama mtu anayecheza, na Shafii na mdogo wake hawali mchezo. Mpaka umemwona, usiandike chochote, usitume sauti kwa WhatsApp, usimjibu Radjabu kitu kinachoweza kuchezwa mbele ya watu.

Na hilo daftari lisikutetemeshe kupita kiasi. Kila ukurasa una mwandiko wako, ndiyo, lakini kila ukurasa unamtaja yeye. Akikuchomea nyumba naye yumo ndani, na anajua, ndiyo maana anatisha badala ya kutenda.

Sasa Jumapili. Mimi ni Mkatoliki wa Bukavu, sitakufundisha dini yako. Habari ya eda na ya mtoto mwulize mwenye elimu asiyekula sahani moja na mume wako. Ila jambo moja halihitaji sheikh wala padri: huwezi kusimama mbele ya Mungu wako ukaapa uongo ili mwanamume asione aibu. Alikuwa mume wako. Sema hivyo. Kama anataka kuwa huru, akutamkie talaka yako leo, kwa tarehe ya leo, na isirudishwe nyuma hata siku moja. Na hayo maneno kwamba lazima mtoto mmoja abebe haramu ili mwingine apone, nani amekuwekea hiyo mizani? Watoto wawili hawajatenda kitu. Mmoja hakufungua hata macho. Aliyetenda anaitwa Radjabu, naye ndiye pekee katika barua yako yote ambaye hakuna anayemwambia ajieleze.

Bon, hapo ndipo hasira yangu ilipohamia, na sehemu moja imerudi tena kwako. Umeniandikia ukurasa juu ya sukari ya chai na kovu la goti. Hujaniandikia hata mstari mmoja ukimuuliza Tasnim ilikuwaje. Msichana yatima katoka kambini, hajui Kifaransa, makaratasi yake yako mkononi mwa mwanamume mmoja, ndani ya nyumba moja, na polisi wanapita asubuhi kuhakikisha wanalala kitanda kimoja. Angekataa vipi? Angekimbilia kwa nani? Kwako wewe, uliyekuwa unamgombeza akikosea upande gani bwana analala? Labda alimpenda. Inawezekana, sikatai, mambo hayo yapo. Labda hakuambiwa kama ana ruhusa ya kusema hapana. Wewe hujui, mimi sijui, na ulipopata nafasi ya kujua ulipanda treni ukashukia Malines!

Kwa hiyo leo, ukimaliza kusoma gazeti hili, unampigia. Mwambie aje kwako na mtoto, Radjabu asijue. Mpe chakula. Muulize swali moja, "Tasnim, ulitaka?" Halafu funga mdomo. Akilia, muache alie. Akikaa kimya robo saa, kaa naye robo saa. Kama atasema alitaka, utaumia, na una haki ya kuumia, na hana deni la urafiki kwako, wala wewe huna deni la msamaha wa haraka kwake. Kama atasema hakutaka, basi hiyo talaka yako imekuwa jambo dogo kabisa. Naye anahitaji wakili wake mwenyewe, si wako, na mahali pengine pa kulala, na wewe una vyumba viwili. Usiniambie ni vidogo.

Na kwa vyovyote atakavyojibu, Jumapili msimwache yeyote kati yenu aingie peke yake kwa wazee wale. Kama mawakili hawakukataza, nendeni pamoja, mkae upande mmoja wa chumba, mtoto mpakate wewe. Wakikuuliza mliachana lini, wajibu kwa adabu kwamba alikuwa mume wako, na swali la lini si lako. Yuko mtu mmoja tu aliyekuwa akitoka nyumba hii akiingia ile, anayejua usiku upi alikuwa mume wa nani. Amekaa hapo mbele yao na karatasi yake. Wamuulize yeye, na ajibu akiwaangalia nyote wawili.