Misa ya Mfalme Olderaki

Kadutu, Bukavu

Yaya Gustave, kaka yangu,

Pokea salamu zangu. Goti la Mama likoje? Na wewe, kifua kimepona, au bado unakohoa kama lori bovu? Huku mimi, Pascal na watoto tu wazima. Umeme unakuja ukijisikia, na bei ya makaa usiniulize.

Uliuliza nimechagua kipi kati ya vile vitabu vitatu vya hadithi vilivyobaki, ili nawe usome hichohicho huko Lubumbashi kama tulivyozoea. Nitakujibu, lakini nikianza na jibu hutanielewa, kwa sababu Jumapili nimepata mshtuko ambao sijaupata tangu niolewe huku.

Unajua mama mkwe alikimbia vita Bunyakiri akaja kukaa kwetu. Siku ile walipokimbia, Baraka, mdogo wake Pascal, alirudi nyuma kufungua mbuzi, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Habari hatuna, maiti hatuna. Nyumbani hapa ni mwiko kusema "Baraka alikuwa". Tunasema "Baraka iko", basi, na pole za watu mama mkwe hapokei.

Jioni, mboga ya sombe ikiwa jikoni, huwa namsomea mama mkwe vitabu vyetu. Kifaransa hajui, kwa hiyo nasoma sentensi kimoyomoyo kisha naitoa kwa Kiswahili. Nilianza na kile unachokipenda wewe, cha mfalme Olderaki na majoka yanayoteketeza milima yake. Nilidhani atasema ni mambo ya shetani. Wapi! Siku nikifunga kitabu kwa sababu ugali unaungua, ananuna mpaka asubuhi. Mfalme alipokufa kule darajani, peke yake, mama mkwe alijifunika uso kwa kitenge akalia kweli kweli. Mimi nikacheka kidogo, nikaona ni uzee.

Sasa Jumapili. Padri, kama kawaida, kabla ya kuanza misa anasoma majina ya wanaoombewa. Akataja marehemu huyu, marehemu yule, kisha akasema: "Na marehemu Olderaki, aliyekufa mbali na kwake, anaombewa na familia moja ya Kadutu."

Yaya, nilikufa ganzi! Nikamtazama mama mkwe. Amepiga magoti, macho yamefungwa, rozari mkononi, ametulia kabisa. Pascal akanikanyaga mguu.

"Olderaki njo nani?" akaninong'oneza.

Nikajifanya natafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Misa nzima sikusikia tena neno.

Na hayo yalikuwa mwanzo tu. Hatujavua hata viatu, Maman Espérance, jirani yetu anayeongoza akina mama wa jumuiya, yuko mlangoni na wenzake. Wamekuja na viti vya plastiki na sufuria ya maharagi, kama watu wanavyokwenda kwenye kilio.

"Poleni sana. Mulifiwa na hamutuambie? Ule Olderaki iko wa upande gani? Muzungu?"

"Iko... iko wa mbali," nikasema.

"Na alikufa na nini?"

"Joka ilimuchoma na moto," akajibu binti yangu Inès, kwa sauti ya kukariri masomo.

Maman Espérance akafanya ishara ya msalaba. Nilifikiri sasa watacheka, wataondoka. Walikaa! Wakaanzisha wimbo wa maombolezo. Mfalme wa kitabu, Yaya, aliimbiwa kilio uani kwangu, na mimi nikaingia kuwachemshia chai.

Jikoni nilimkuta mama mkwe anaosha vikombe. Aibu ilikuwa imeshageuka hasira.

"Maman, ule mufalme hakuishi. Iko mutu wa kitabu. Ulienda kumuambia padri nini?"

Hakugeuka.

"Solange, unaniona mujinga? Najua kama iko hadisi."

"Sasa misa ya nini?"

"Siku mingi naenda kwa padri juu ya Baraka. Nikifika kwa mulango, jina inanikatala mu kinywa. Nikiitaja ku misa ya wafu, njo mimi namuua, mimi mama yake. Juzi padri aliniuliza, 'Maman, tuombee nani?' Nikataja ule mufalme. Naye alikufa kwa njia, hakuna mutu wa kumulilia. Nikajisemea, Mungu atajua ni nani."

Kanisani nilishtuka, lakini mshtuko wenyewe ulikuwa pale jikoni. Mimi mwenye diploma nilikuwa nikisoma miezi hiyo yote bila kujua namsomea nini mama wa watu. Niliona uchungu, na nilijiona mdogo. Nikamshika, tukalia pamoja, na huko uani wanaimba.

Kesho yake alitaka tuchague kitabu kingine. Nikavitandaza vitatu mezani, nikamweleza kila kimoja. Cha mchawi mlevi, ili tucheke. Cha kijana aliyepotelea nchi ya vivuli, na mwishoni anagonga mlango wa mama yake. Na kile cha malkia aliyekosa maiti ya mwanawe, akazika kanzu yake. Hiki cha mwisho nilikisema harakaharaka na kukisukuma pembeni. Mkono wangu ulikuwa juu ya kile cha kijana anayerudi. Nilikuwa nimekwisha kukifungua.

"Huyu anarudia kweli?" akauliza.

"Anarudia, Maman."

Akanitoa mkono polepole, akakifunga.

"Na huyu malkia. Ile kanzu, aliizika na watu ao yeye peke?"

"Na watu. Mji muzima ulikuja."

Akakivuta cha malkia karibu. Nje wachuuzi walikuwa wakipita.

"Soma huyu," akasema.

Basi Yaya, hicho ndicho tunachosoma. Kichukue nawe kwenye rafu yako, lakini usinitangulie. Tumefika pale malkia anapowaita wafumaji.

Nisalimie shangazi muuza samaki na mke wako mpole. Watoto wako wabusu, hata yule asiyependa. Na Mama mwambie hivi: akipiga simu, asiogope tena kumwambia mama mkwe pole ya Baraka. Safari hii ataipokea.

Mdogo wako akupendaye,
Solange